Zenek, Mwokoaji wa Chini

Zenon Gryczka, ambaye hapa Dobrzewo hakuna anayemwita kwa jina hilo refu isipokuwa padri, kwetu sisi ni Zenek tu, husema maneno mawili kwa siku. Sitii chumvi. Bia huinyooshea kidole, na mbwa wake amemfunza kwa miluzi. Maneno yenyewe ni "Mimi" na "Fupi!", na yote mawili humwambia mtu mmoja tu, shemeji yake Bogusia.

Bogusia ni mke wa kaka yake Zenek, na ni mkwezi. Hupanda mialoni ya barabarani kwa kamba, msumeno ukining'inia kiunoni, akakata matawi makavu yasije yakaangukia magari. Zenek hubaki chini. Hushusha matawi kwa kamba, huyaburuta, huyalisha kwenye mashine ya kusaga, na huwazuia akina mama wa baiskeli wasipite chini ya mti. Mume wa Bogusia, Lech, ni karani wa posta. Akiulizwa mbona yeye hayumo, hujibu, "Mke wangu na miti yake nimemwachia ndugu yangu. Mimi nilichagua stempu."

Kazi yetu ina sheria moja iliyo mama wa zote: mkwezi hapandi kama chini hakuna mtu awezaye kupanda kumfuata. Mkwezi akipigwa na tawi akazirai huko juu, mikanda ya mapajani humbana, damu hukwama miguuni, na wazima moto watafika wakati chai imeshapoa. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla mguu haujaacha ardhi, mkwezi huuliza nani mwokoaji wa siku, na jibu huandikwa kwenye fomu.

"Leo nani anapanda?" Bogusia huuliza.

"Mimi," Zenek hujibu.

"Kwa ngazi ipi, shemeji?" Bogusia humchokoza, kisha huenda zake juu akicheka.

Maana wilaya nzima inajua kwamba Zenek anaogopa kimo. Taa ya jikoni kwake ikiungua, jirani ndiye huibadilisha. Sisi tuliamini tu kwamba siku ikibidi, hofu hiyo ataisahau. Macho yake ni ya ardhini. Ndiyo sababu hakuna anayemshinda kwa kuokota uyoga.

Neno la pili ni la kushuka. Mkwezi ana kamba mbili: ndefu inayombeba, na fupi anayoizungusha kwenye shina ili asiyumbe anapokata. Kabla ya kushuka ni lazima aifungue ile fupi, la sivyo humkamata kiunoni, akabaki ananing'inia kama shati lililoanikwa. Bogusia husahau kila mara kwa sababu mdomo wake uko kazini. Huko juu huongea na matawi, na kunguru, na madereva wanaopita.

"Fupi!" Zenek humwita kutoka chini.

"Nimeiona!" Bogusia hujibu, na naapa hajawahi kuiona hata siku moja.

Nawajua kwa sababu nilipanda nao mpaka goti langu liliponigomea. Siku hizi mimi ni mkaguzi. Nawatahini wakwezi wa mkoa katika kumwokoa mtu juu ya mti. Kiangazi kilichopita idara ya barabara ikatoa agizo: katika kila timu watu wote wawili wawe na cheti cha uokoaji, tena si kile cha zamani cha kutia sahihi na kunywa chai, bali cha mtihani mtini. Asiye nacho, kuanzia Oktoba hana kazi barabarani. Kikosi kimoja cha mji wa Olsztyn kilikuwa kimeshampigia Bogusia simu: njoo, lakini njoo peke yako. Zenek naye aliambiwa kuna nafasi ya kulinda maegesho ya supamaketi. Alisikiliza, akachukua kikapu chake, akapotea msituni siku mbili.

Aliporudi alimkuta Bogusia kwenye mwaloni mkubwa nyuma ya kituo cha zimamoto, chaki mkononi, anachora mstari kwa kila mita kwenye shina. Wakaanza mazoezi. Kila jioni, nusu mita zaidi. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, husema wahenga, na kweli baada ya wiki tatu Zenek alikuwa anafika mita sita. Hapo kwenye mstari wa sita alikuwa anakwama, anaukumbatia mti, na hakuna matusi wala biskuti iliyowahi kumvusha. Mtihani ni mita kumi na moja.

Tulikutana asubuhi ya Jumamosi, mbegu za mwaloni zikitudondokea kwenye kofia. Nina ukaidi wangu mmoja katika kazi hii: sipendi mtihani wa kuokoa sanamu lililojazwa mchanga. Nimeona watu wakiokoa gunia kwa ustadi wa kupigiwa makofi, halafu wakipewa mtu anayepumua wanasahau hata majina yao. Kwangu anayeokolewa ni yule yule unayefanya naye kazi. Na nina masharti mawili. Majeruhi amezirai, kwa hiyo hasemi. Neno lake moja la msaada, mwokoaji ameanguka mtihani. Mwokoaji naye hanyamazi, kwa sababu mtu aliyezirai huenda anasikia, na sauti ya mwenzake ndiyo inayomshika asipotee.

Niliyasoma masharti hayo kwa sauti, nikawatazama hao wawili, ndipo nikagundua nilichokuwa nawaomba.

"Yaani hata neno moja?" akauliza Bogusia.

"Hata moja."

"Na nikiumwa na nyigu?"

"Umezirai, Bogusia. Aliyezirai haumwi na nyigu."

"Wewe Wiesiek ulikuwa mtu mwema kabla hawajakupa hiyo kalamu."

"Na wewe Zenek," nikasema, "ukinyamaza nusu dakika, umeanguka mtihani." Akaitikia kwa kichwa. "Kichwa sikisikii."

"Sawa," akasema Zenek. Neno la ziada, na saa tatu ya asubuhi haijafika.

Bogusia akapanda huku anaongea, kama mtu anayejaza mapipa kabla maji hayajakatwa. Mita ya kumi na moja akazungusha kamba yake fupi kwenye shina, akaniambia kwamba kituo cha zimamoto kinahitaji rangi, akalegeza shingo, akafumba macho. Nikapuliza filimbi.

Zenek akaanza vizuri. "Waya hakuna. Tawi bovu hakuna. Msumeno umezimwa. Napiga simu." Sauti yake ilikuwa na kutu, lakini ilikuwa inatoka. "Shemeji! Unanisikia? Ni mimi, Zenek. Nakuja."

Kamba ya uokoaji ilikuwa imeshaning'inizwa kando ya ile ya Bogusia. Akapandisha kishikio kinachoibana kamba, akasukuma mguu, akapandisha tena. Ni mtu mzito, kamba ilikuwa inalia. Mita tatu. Tano. Akafika kwenye mstari wa sita, akaukumbatia mti, akanyamaza.

Nikatazama saa. Sekunde kumi. Kumi na tano. Huko juu nikaona vidole vya Bogusia vinajikunja. Alitaka kumtukana ili apande. Lakini hakuwa na ruhusa. Ishirini. Nikaomba kimoyomoyo: sema kitu, Zenek, hata majina ya uyoga.

"Shemeji," akasema, shavu limegandana na gome. "Uyoga mwaka huu umejaa. Kule mtoni." Akameza mate. "Nimekuwekea wa siki. Chupa nne." Akapandisha kishikio. "Zilikuwa tano. Moja nilikula." Akasukuma mguu. Mstari wa sita ukawa chini ya kiatu chake, na sidhani alijua.

"Unaukumbuka ule mwaloni wa kona ya kinu? Miaka kumi na moja sasa. Tawi lilikupiga kofiani, ukaning'inia. Nikakuita, kimya. Kamba ya kupandia nilikuwa nimeishika, shemeji. Mkononi hivi. Miguu haikwenda."

Kalamu yangu ikasimama. Habari hiyo sikuwahi kuisikia.

"Nilisimama tu. Ningekuacha ufe, nakutazama. Halafu ukaamka mwenyewe, ukalitukana tawi, ukaniambia, Zenek, funga mdomo, nzi wataingia." Mita ya tisa. Alikuwa analia na kupanda kwa pamoja. "Kesho yake ukaniuliza nani anapanda, nikasema mimi. Uongo. Kila asubuhi uongo, na sahihi nikaweka. Mtu akianza siku kwa uongo, shemeji, anaongea nini tena mchana kutwa?"

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Sisi sote tulidhani ni tabia yake tu, kama wengine walivyo na vipara.

"Nimefika," akasema.

Akaishika shingo ya Bogusia kama nilivyofundisha, akasikiliza pumzi, akaunganisha mikanda yake na ya Bogusia kwa kulabu mbili. Kazi safi. Chozi lilikuwa linatiririka kwenye shavu la majeruhi. Majeruhi aliyezirai hatakiwi kulia, lakini fomu yangu haina nafasi ya chozi, kwa hiyo sikuliandika.

Kisha Zenek akapeleka mkono kwenye breki ya kamba ili washuke, na mimi nikaona kwamba kamba fupi ya Bogusia bado imezunguka shina. Angelegeza breki hapo, ingewakamata wote wawili na uzito wote, na mtihani ungekuwa umekwisha. Bogusia aliihisi kiunoni mwake. Midomo yake ikakazana mpaka ikawa myeupe. Nikainua kalamu. Mkono wa Zenek ukagusa breki.

"Fupi!" akapiga kelele, kwa sauti ile ile ya kumwita mtu aliye juu, wakati mtu mwenyewe alikuwa kifuani pake.

Mdomo wa Bogusia ukafunguka. Nililiona lile jibu lake limefika kwenye meno. Akaling'ata, akalimeza. Zenek akaifungua kamba fupi, akalegeza breki, wakashuka wamefungana pole pole, yeye akimsimulia kila tawi walilolipita.

Akamlaza kwenye nyasi, bado ameishika shingo. Ilikuwa zamu yangu kusema "Mwisho", na nilichelewa.

"Mwisho. Amefaulu."

Bogusia alifumbua macho, akabaki amelala anamtazama shemeji yake.

"Ulikuwa unajua?" akauliza Zenek.

"Tangu siku ile. Nilipofumbua macho nilikuona chini, mweupe kama jibini, kamba mkononi."

"Basi kila asubuhi ulikuwa unaniuliza nini?"

"We mtu kwa siku unasema maneno mawili," akasema Bogusia. "Nilikose moja?"

Kisha akaketi, akampiga na kofia begani, akamkumbatia, akaanza kuongea, na hakunyamaza mpaka tulipomaliza mkate na supu kwa mke wa mkuu wa zimamoto. Mimi niliwafokea wote wawili, na sijutii. Miaka kumi na moja mtu anapanda bila mwokoaji, anajua hana mwokoaji, ili tu asimwaibishe shemeji yake! Nikawaambia ni wajinga wakubwa na ningekuwa na uwezo ningewanyang'anya vyeti vyote viwili papo hapo. Zenek alinisikiliza mpaka mwisho, akanisogezea chupa ya uyoga wa siki.

Jumatatu nilipita barabara ya kinu, nikasimamisha gari. Walikuwa chini ya mwaloni ule wa kona. Kamba ya uokoaji ilikuwa imeshaning'inizwa, na Zenek alikuwa amevaa mikanda yake, imekazwa, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nimfahamu.

"Leo nani anapanda?" akauliza Bogusia.

"Mimi."

Bogusia akafungua mdomo. Nilimwona anautafuta ule utani wake wa ngazi wa kila siku, hakuupata.

"Haya," akasema, akapanda.