Simenti Iliyongoja Amani

Shuleni mwalimu wa historia alitueleza jinsi Ujerumani ilivyoinuka baada ya vita. Alitaja misaada ya Marekani, mafundi waliobaki hai, sarafu mpya. Mimi nilishika jambo moja tu: siku sarafu ilipobadilishwa, maduka matupu yalijaa. Wafanyabiashara walikuwa wameficha bidhaa wakiingoja siku hiyo.

Basi vita vilipotufikia sisi, na nchi jirani zikatuwekea vikwazo, nilinunua simenti yote niliyoipata bandarini, nikaifungia kwenye depo, chumba cha nyuma ya duka langu mtaani Bwiza. Amani ikija, mji mzima utajenga, nami nitakuwa tayari.

Kaka wa mke wangu alikuwa mwashi huko Ruziba. Nyumba yake ilichomwa, akawa analala na watoto kwenye baraza la msikiti. Akaja dukani.

"Shemeji, nipe mifuko michache, nitakulipa kwa kazi. Kuta bado zimesimama. Mi nataka kuziwahi kabla ya mvua."

"Ngoja amani. Ukijenga leo, watabomoa kesho."

"Na hiyo amani inangoja nini? We ufungue depo?"

Mke wangu, aliyekuwa akitumiminia chai, alicheka, kisha akanigeukia bila kucheka. "Mupe, baba. Ni mutu wa kwetu."

Nikasema hapana. Nikawasimulia habari za Wajerumani mpaka chai ikapoa.

"Hao Wajerumani," mke wangu akauliza, "waashi wao walikuwa wanalala wapi?"

Nikachukua ufunguo, nikaenda kufunga depo.

Mvua ziliziangusha kuta. Shemeji akawapakia watoto kwenye boti ya mizigo, wakaenda Kigoma.

Kila muuzaji anajua simenti haikai, hasa karibu na ziwa. Nami nilijua. Nilijidanganya kwamba amani ingefika kabla ya unyevu. Nilipofungua chumba, kila mfuko ulikuwa jiwe.

Amani ilipokuja, watu walijenga kweli. Simenti mpya ilishuka bandarini, wateja wakaniuliza, "Mzee, hujui fundi mzuri?" Niliyemjua alikuwa ng'ambo, akijenga nyumba za wengine. Nilimtumia salamu kwa mabaharia, nikamwomba arudi. Zilirudi salamu kwa dada yake tu, mke wangu.

Mawe yale niliyapanga kwenye tope mbele ya duka, watu wapate pa kukanyaga. Wote wanayakanyaga, isipokuwa mke wangu. Mvua ikinyesha, yeye huvua viatu, akapita kwenye tope.