Upande wa Dirishani

Baridi haikumweza Mama Tanuri. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe, na hakuna aliyepata kumbishia, kwa sababu kumbishia Mama Tanuri ni kujitafutia maneno ya wiki nzima. Kipupwe kilipoingia na watu wakaanza kutembea mabega yakigusa masikio, yeye alipita barabarani na blauzi ya mikono mifupi, kifua mbele, akigawa pole zisizoombwa.

"Poleni wagonjwa," aliwaambia waliojifunga mitandio hadi puani. "Damu zenu zimeganda, au?"

Aliyegawiwa fungu kubwa kuliko wote alikuwa mumewe. Huyu alikuwa fundi saa, mtu mwembamba wa maneno machache, mwenye sweta moja la kahawia lililotiwa viraka viwikoni. Alilivaa kipupwe kikianza na kulivua kikiisha. Katikati hapo alilivua kwa ajili ya kuoga tu. Mbele ya wageni mkewe alimwita Mzee wa Sweta, na wakiwa wawili alimwita kuku aliyenyeshewa. Tena alikuwa na sheria yake: dirisha la chumbani halifungwi, iwe kipupwe, iwe kiangazi.

"Mimi siwezi kulala ndani ya kopo," alisema.

Fundi saa alivuta blanketi, akalipa dirisha mgongo. Miaka ikaenda hivyo.

Sasa tuseme jambo ambalo Mama Tanuri mwenyewe hakuwahi kulifikiria. Tangu usichana wake kazi yake ilikuwa kuoka mikate. Alishinda mbele ya tanuri lenye mdomo mpana, akiingiza trei na kuzitoa, jasho likimshuka mpaka miguuni. Alirudi nyumbani joto limemjaa mifupani, na joto hilo likamfikisha asubuhi. Yeye akadhani ni damu yake! Watu hujisifia mali za wenzao, lakini huyu mama alijisifia moto wa tajiri wake.

Mgongo ulipoanza kumuuma, meneja, kwa nia njema kabisa, alimtoa kwenye tanuri akampeleka kaunta ya mbele, akauze mikate huku ameketi kama mtu wa heshima. Kaunta ilitazamana na mlango. Kila mteja aliufungua, na kila mteja aliingia na upepo wake. Kipupwe kikamkuta hapo hapo.

Mwanzoni alidhani ana homa. Kisha akamwona keshia, binti mchangamfu aliyekaa ubavuni pake, amekumbatia kikombe cha chai kwa mikono miwili, ndipo akaelewa. Ilikuwa baridi, ileile ya watu wote. Na hapo aibu ikamshika kuliko baridi yenyewe. Amwambie nani? Mtaa mzima alikwisha kuucheka. Na yule wa nyumbani je, kuku wake aliyenyeshewa? Afadhali agande.

Akaanza kubuni safari za kwenda nyuma kwenye tanuri.

"Mama, mbona leo huko nyuma huishi kwenda?" keshia akamuuliza.

"Nakagua rangi ya mkate."

"Kwa kuukumbatia?"

Mama Tanuri akajifanya hakusikia. Alipoketi, mkate mmoja wa moto ulikuwa chini ya aproni yake, mapajani. Bibi mmoja mwenye macho makali akanyoosha kidole.

"Nipe huo uliopakata, mwanangu. Unaonekana umetoka sasa hivi."

"Huu una mwenyewe, bibi."

Keshia aliinamia droo ya pesa, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Alasiri meneja alimwona midomo imempauka, akamwambia aende nyumbani akapumzike. Nyumba ilikuwa tupu. Fundi saa bado alikuwa kibandani kwake. Mama Tanuri aliingia chumbani hata viatu hajavua. Blanketi lilikuwa limekunjwa upande wa mumewe, naye akajitupa hapohapo akajifunika.

Upepo ukampiga kisogoni. Akasogea, ukamfuata. Akajikunyata, ukamshuka uti wa mgongo taratibu, kama mwenyeji anayejua njia. Akahamia upande wake mwenyewe: shwari, hata huwezi kujua kama dirisha li wazi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wanasema wahenga. Yeye alikilalia miaka yote, ila upande mmoja tu.

Akaketi. Akakumbuka siku waliyohamia, fundi saa alivyotangulia kuweka mto wake dirishani akisema, "Mimi nitalala huku, napenda hewa." Mtu wa sweta, apende hewa! Naye akaamini, akalala salama nyuma ya mwili ule mwembamba, akaamka kila asubuhi na kuuita kuku. Alilia kidogo, kwa haya, na kwa mapenzi yaliyomjia ghafla kama ya usichana. Kisha akaliendea dirisha. Komeo lilikuwa limeshika kutu. Ilibidi aligonge kwa kisigino cha kiatu.

Jioni fundi saa aliingia, akasimama mlangoni mwa chumba.

"Nani amefunga dirisha?"

"Upepo."

Akalitazama komeo kwa jicho lake lililozoea vitu vidogo. "Siku hizi upepo unajua na kukomea?"

Mama Tanuri akatazama vidole vyake. Uongo mwingine ulikuwa tayari ulimini. Akaumeza.

"Nasikia baridi, mume wangu," akasema. "Haya, cheka."

Fundi saa alikuwa na haki ya kucheka mpaka mwaka upinduke. Alivua sweta, akamvika mkewe kichwani kama anavyovikwa mtoto, akaivuta mikono mpaka vidole vikatokeza.

"Kumbe hewa hukuipenda," mke akasema.

"Ningesema nini? Ungeanza kuniita kuku siku ileile."

Walipolala, fundi saa akageuka huku, akageuka kule. Akafunua blanketi. Akapuliza.

"Una nini?"

"Joto," akasema kwa unyonge. "Mke wangu, humu ni ndani ya kopo."

Mama Tanuri alikuwa na jibu zuri sana, pengine zuri kuliko yote ya maisha yake. Akaliacha. Akaamka na sweta lake la viraka, akalifungua dirisha kiasi cha kiganja, akarudi kusimama upande wa mumewe.

"Sogea. Leo nalala mimi huku."

"Utaganda."

"Nina sweta. Sogea."

Fundi saa akasogea.