Waliomuua Mama wa Mwamba

Nakumbuka, Nafula mwanangu, asubuhi niliyotaka kuchoma gazeti la Mwamba. Baba yako alikuwa dereva wa trekta kwa mzungu huko Kitale, na kila akija nyumbani Kimilili alituletea hilo gazeti la hadithi za picha. Mwamba alikuwa mtu wetu: anazuia mafuriko kwa kifua, anainua lori, lakini hatoki nyumbani kabla ya kumtekea mama yake maji. Wewe herufi ulizijulia hapo.

Sasa mwezi huo mchoraji wa zamani alikuwa ameacha kazi, na mwandishi wake pia. Wakaingia vijana wapya. Nafungua, namwona Mwamba amevalishwa buti. Mama yake hayuko. Ati alikufa! Neno moja tu, pembeni mwa picha. Mimi nina mtoto mgongoni, na wewe miguuni, nikawaka. Nani anaua mama wa mtu ili apate nafasi ya kuchora buti? Nikaenda nalo moja kwa moja hadi motoni, wewe umenishika sketi unalia.

Nyanya yako, Kukhu, mama wa baba yako, akaninyang'anya.

"Mama Nafula, si umalize kwanza?"

"Nimalize nini, mayi, mama yangu? Wameharibu!"

Akacheka. "Hata mimi niliambiwa hivyo. Nilipoolewa hapa kutoka Matulo, mama mkwe alichoka, akaniachia kusimulia watoto hadithi ya zimwi. Ya hapa, msichana anamezwa, basi. Ya kwetu, anapasua tumbo la zimwi na kisu, anatoka. Watoto wakanishtaki ati bibi arusi ameharibu zimwi lao. Sasa mume wako anasimulia gani?"

"Ya kisu," nikasema, bila kupenda.

"Haya. Soma."

Nikasoma. Buti zilikuwa mbaya mpaka mwisho, sikufichi. Lakini Mwamba alipofika mtoni akakuta mama asiyemjua ana mtungi, akamtekea. Kumbe hao vijana walikuwa wanajaribu. Wewe ukaacha kulia, ukaniachia sketi.

Kwa hivyo, mwanangu, ukiona mtu amepokea kazi iliyopendwa na wengi, mvumilie amalize. Ni kama bibi arusi jikoni kwa mama mkwe: kila mtu anaonja akikunja uso. Kasirika baadaye, mimi bado nimekasirika. Na siku hadithi itakapofika kwako, ibadilishe bila woga. Mungu akupe sauti, akupe watoto wa kukuitikia, akuzeeshe salama. Ila mama wa watu, mwache aishi.