Imeshika au Imekwama?

Ijumaa iliyopita alifariki fundi saa wa pale barazani, mkabala na soko la Shinyanga, na Jumamosi tukamzika Ibadakuli. Mungu amrehemu, na anisamehe mimi kwa haya nitakayoyaandika, maana wasomaji wa safu hii wananijua: sina desturi ya kumfanya mtu mtakatifu kwa sababu tu ameacha kupumua. Msemaji wa wafiwa alitangaza kaburini kwamba hapakuwa na saa iliyomshinda marehemu. Akainua mkono kutuonyesha saa yake mwenyewe, kazi ya marehemu, nami niliyesimama karibu nikaisoma: ilisema saa nne na nusu, ilhali jua lilikuwa limekwisha kupinduka. Watu wakalia. Mimi niliinamisha uso, na walionizunguka wakadhani nami ninalia.

Kisha akatoa ushahidi wake mkuu, hadithi ya mjane wa Tinde aliyempelekea fundi saa iliyokufa, naye fundi akaifufua kwa mkono mmoja. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hadithi hiyo imetembea miaka saba, kutoka Tinde hadi machimbo ya Geita, na haijachoka. Mjane huyo ni mimi, na mikono iliyofanya kazi hiyo ilikuwa minne.

Mume wangu alifariki Jumanne, tarehe 9 Januari 1951, huko Geita alikokuwa karani wa stoo ya mgodi. Vitu vyake vililetwa Tinde katika kifurushi, na ndani mlikuwa na saa ya mkononi isiyoingia maji, aliyoinunua kwa fundi mitambo mmoja aliyekuwa akirejea kwao. Ilikuwa nzima isipokuwa kichwa chake, yaani kile kidude cha ubavuni cha kuitilia ufunguo, ambacho kilikuwa kimepotea. Mdogo wa mume wangu aliiona kabla mimi sijaigusa. Zamani mrithi alikabidhiwa upinde wa marehemu siku ya kuanua matanga, na aliyepokea upinde alipokea na nyumba, pamoja na mwanamke aliyemo. Mume wangu hakuacha upinde. "Basi saa ndiyo upinde wake," shemeji akawaambia wazee, huku akinitazama kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. "Wewe, shemeji, saa ya nini? Utaivaa ukitwanga?" Nikamjibu, "Nitaivaa ukiwa unasema, nijue umenipotezea muda gani." Shangazi wa mume wangu, bibi mkali ambaye kila mtu pale alimwogopa, akacheka hadi akakohoa. Akakata shauri: "Upinde tulimpa anayejua kuuvuta. Saa tutampa anayejua kuitembeza. Siku ya matanga mjane akiweza kuitembeza, ni yake, na nyumba ni yake. Asipoweza, shemeji yake ataichukua saa na vyote vinavyoifuata." Matanga yalipangwa Jumapili, tarehe 18 Februari. Shemeji aliondoka akipiga mluzi, kwa kuwa alijua kwamba nilianza kisomo nikiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, akadhani saa ingenishinda.

Jumamosi, tarehe 10, nilikuwa barazani kwa fundi. "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, akaniamkia kwa Kisukuma chake cha mgeni wa Tabora. Akamwaga mezani kopo la vichwa alivyoving'oa katika saa mbovu, akachagua kilichong'aa kuliko vyote. "Hiki cha dhahabu, kitakupendeza." Sasa, msomaji, saa ya namna ile ina kibomba kidogo kilichopachikwa ubavuni mwa kasha, chenye hesi nje yake, yaani mistari ya kuzungushia kama ya skrubu, kichwa nacho kina hesi kwa ndani, na hujifunga juu ya kibomba kama mfuniko, maji na vumbi visipite. Hesi za viwili hivyo lazima zilingane. Fundi hakulinganisha kitu. Alizungusha, kikagoma, akachukua koleo, kikalia krr. "Imeshika, mayu!"

"Mume wangu alikuwa akikizungusha mara nne ndipo kikaze," nikasema. "Chako kimekwenda nusu tu."

"Lo! Unahesabu mizunguko? Kisomo cha watu wazima kimekuharibu. Hesi ni hesi."

"Hiyo haikushika, fundi. Imekwama."

Wapenda soga wa baraza ile wakaangua kicheko, nami nikaondoka. Siku nne nilijaribu kukifungua niitie saa ufunguo, kisitikisike. Jumatano nikarudi. Fundi akakibandua kwa koleo lilelile, na kichwa kikatoka na unga wa chuma. Kibomba kilikuwa laini, hesi zote zimelika. Msidhani aliona haya. Akachovya uzi wa pamba katika sabuni ili akizungushie kibomba. "Huku kwenye pamba, mayu, uzi unaishinda hesi. Itafika Jumapili."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu utakuwa umekwisha kurithiwa. Saa ya nini tena?"

Safari hii baraza zima lilicheka, naye akacheka kuliko wote. Nikavuta kigoda chake mwenyewe nikakalia. Nikamwambia sitaondoka mpaka ang'oe kibomba kile na kutia kingine, na kwamba mwenye kigoda atafanya kazi amesimama.

Hapa sina budi kumpa haki yake. Alikiondoa kibomba kibovu bila kulikwaruza kasha, akachukua kingine katika saa mfu, akakipima, akakipunguza kwa tupa kidogo kidogo, kisha akakisukuma mahali pake kwa mkono ambao haukutikisika hata alipopiga chafya. Sijaona tena mkono mwepesi kama ule. Lakini alipofika kwenye kichwa alirudia lilelile: akaokota kinachong'aa. Nikamnyang'anya kopo. Kila mwanamke aliyefunga mfuniko wa tangi la taa ya chemli anajua kwamba kwanza unaurudisha nyuma, taratibu, mpaka vidole visikie umeanguka mahali pake. Ndipo uende mbele. Nikajaribu kimoja baada ya kingine. Kile kilichozunguka mara nne, bila koleo, kilikuwa cheusi, kibaya, chenye kovu. Fundi akakiangalia kwa huzuni ya kweli. "Hicho hakikupendezi," akasema, lakini akakifunga kwenye shina la saa, ule msumari mwembamba unaopita ndani ya kibomba, na saa ikatembea.

Jumapili shemeji aliomba kuijaribu yeye kwanza, akidai saa iliyotengenezwa na mwanamke haitafika jioni. Shangazi akamruhusu. Alikifungua kichwa, akaitia ufunguo, na hapo hakukosea. Kukifunga ndiko kulikomshinda: akakisukuma kwa nguvu za ujana wake, kikaenda upande, akawatazama wazee kwa fahari. "Imeshika!" Shangazi akanipa saa. Nikakirudisha nyuma, nikasikia, nikakifunga kwa vidole viwili huku nikihesabu kwa sauti hadi nne. Shangazi akasema, "Nyumba ni ya huyu," akadai chakula. Fundi, aliyekuja kula wali wa matanga, alikuwa amekwisha kuwasimulia watu wa mlangoni jinsi alivyoifufua.

Nimeiacha hadithi yake itembee miaka saba kwa sababu nilikuwa na shughuli za maana zaidi. Lakini kuisikia kaburini kulinikumbusha ni wangapi katika nchi hii wanaoishi kwa neno lile, "imeshika". Karani anapewa meza asiyoiweza, anasukumwa na mjomba, tunaambiwa ameshika kazi. Binti anasukumwa kwa mume asiyelingana naye. Akinyamaza, wazee wanapongezana kwamba ndoa imeshika. Kijana wa machimboni anavaa saa isiyotembea, na anayemuuliza saa anaonekana hana adabu. Fundi wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mikono ya mtaalamu na haraka ya mchuuzi, na sisi tulimpigia makofi kwa haraka yake. Lawama nyingine ni ya waliocheka barazani, na yangu niliyenyamaza.

Basi, binti unayesoma safu hii, ukiambiwa kwamba umekwisha kupata mahali pako, usibishane. Jaribu tu kurudi nyuma robo mzunguko. Kilichoshika kweli hufunguka kwa vidole. Kilichokwama ndicho hudai koleo.