Talaka ya Bakuli la Tambi

Mimi hasira zangu ziko karibu. Sikuzificha ujanani na leo sizifichi. Wenzangu mwezi wa Ramadhani huwapoza. Mimi nikifunga, ikifika saa nne asubuhi nimeshakuwa moto. Na mwezi mmoja kama huo, miaka ile baada ya vita, wakati bafta, kile kitambaa cheupe cha kanzu, ilikuwa haipatikani dukani ila kwa kujuana, hasira hizo nusura zinitolee mke nyumbani. Nasema nusura, alhamdulillahi. Hata sasa nikikumbuka nashusha pumzi.

Nilikuwa fundi cherehani hapo Bagamoyo mjini, na kazi yangu hasa ilikuwa kanzu. Dada yangu, ambaye ni mkubwa kwangu, alikuwa akikaa mtaa wa pili. Mwaka ule mumewe alipata kipande cha bafta kwa taabu kubwa, akaniletea nimshonee kanzu ya Idi. Nikamshonea, na shingoni nikamzungushia uzi wa hariri mwekundu. Nilimpelekea siku ya nne ya mfungo. Siku ya tano asubuhi, kibarazani pangu wamekaa wateja wanasubiri, akaja mmoja anacheka tangu mbali.

"Fundi, dada yako anasema shingo ya kanzu ya mumewe umeipinda. Anauliza, ulishona umefumba macho?"

Baraza zima likaangua kicheko. Mwingine angecheka nao, yakaisha. Mimi nikasimama, mkasi mkononi, nikapiga ukelele: "Wallahi, bakuli la nyumba yangu likivuka tena kizingiti cha dada yangu mwezi huu, mke wangu ana talaka tatu!"

Niseme ukweli, wanaume wa rika langu tulikuwa tukiapa kwa talaka kama mtu anavyotia chumvi kwenye mchuzi. Ukitaka uaminiwe, unaitaja talaka. Mke yuko nyumbani anakuna nazi, hana habari kwamba ametajwa. Na lile la bakuli nililichagua makusudi. Kwetu, jua likianza kushuka siku za mfungo, mabakuli ya futari hutembea nyumba kwa nyumba, lako linakwenda, la mwenzio linakuja, na halirudi tupu. Mke wangu alikuwa akimpelekea dada tambi za nazi kila siku. Kumkatia mtu bakuli ni kumwambia udugu basi. Nikaona nimemkomoa.

Nikarudi kwenye cherehani. Baada ya adhuhuri nikajinyoosha mkekani mle dukani, usingizi ukanichukua. Nilipoamka alasiri ilikuwa imepita na kiapo nimekisahau kabisa, kama si mimi niliyeapa.

Maghribi nimekaa nyumbani, nimetia tende mdomoni, natazama kilichopo: uji, muhogo wa nazi, samaki. Nikaona kuna kitu kimepungua.

"Lile bakuli la maua liko wapi?"

"Nimelipeleka mwenyewe kwa wifi," akasema mke wangu. "Leo tambi zimekubali, nimezitia nazi mbili."

Hapo ndipo kiapo cha asubuhi kikanirudia. Nikamweleza yote, sikumficha hata neno.

"Kwa bakuli la tambi?"

"Kwa kanzu," nikasema, na niliposikia maneno yangu mwenyewe niliona haya.

"Miaka kumi na miwili nakupikia, nimekuzalia watoto watatu, leo unaniacha kwa shingo ya kanzu?"

Hakulia. Alivuta kanga yake akajifunika kichwa, akaikaza chini ya kidevu, vile mwanamke anavyojifunika mbele ya mwanamume asiye wake. Jamani! Heri angenitukana. Nilichukua mto wangu nikaenda kulala dukani, maana kama talaka imepita, mle ndani mimi sina haki hata ya kukaa.

Talaka moja ina njia ya kurejeana. Tatu haina, mpaka aolewe kwanza na mwingine na huyo naye amwache. Pale barazani kila mmoja aligeuka mwanachuoni. Huyu anasema imepita, yule anasema haikupita kwa sababu nilikuwa na hasira, mwingine anauliza kama zile tambi zililiwa. Nikawafukuza wote. Sheikh aliyetusomesha, ambaye jibu lake ningelikubali, alikuwa Makurunge akimuuguza ndugu yake shambani. Si mbali, mtu anatoka alfajiri na kufika jua halijawa kali. Lakini sikwenda. Kila siku nilijitungia udhuru: leo nina kazi, kesho mvua. Nilikuwa naogopa, basi. Nisipouliza, bado nina nusu ya mke.

Futari nililetewa na mama mkwe. Anatua sahani mlangoni. Mimi: "Shikamoo, mama." Yeye: "Marahaba," kavu, anaondoka zake. Nilikula peke yangu nikijiambia, wewe umejizuia maji tangu alfajiri, umeona ndio mfungo huo. Ulimi wako je, ulikula nini siku ile? Njaa nilikuwa naiweza tangu utoto. Kunyamaza sikukuweza hata mara moja. Nilisali nikamwomba Mungu anirudishie mke wangu, nikaahidi mambo mengi, mengine sijayatimiza mpaka leo, Mungu anisamehe.

Siku ya tisa ya mfungo mama mkwe hakuondoka baada ya kutua sahani. "Mwanangu anakwenda Makurunge kesho," akasema. "Anasema kama unaogopa jibu, baki. Atakwenda kukuulizia yeye."

Nilikwenda. Mke wangu na mama yake mbele, mimi nyuma hatua ishirini, kwa sababu hatukujua mimi ni nani wao. Njia nzima hakuna aliyegeuka. Nilimtazama mke wangu anavyoinua kanga kupita kwenye matope, na nilitaka kumwambia chagua upande wa majani, pale panateleza. Nikaona sina ruhusa.

Sheikh alitupokea chini ya upenu wa ndugu yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, uso wake hausemi kitu. Kisha akaniuliza:

"Ulipoapa, ulitaka kumwacha huyu, au ulitaka bakuli lisiende?"

"Bakuli lisiende."

Akamgeukia mke wangu. "Na wewe, binti, ulipobeba bakuli, ulikuwa umekisikia kiapo?"

"Sikukisikia. Ningekisikia ningelivunja hilo bakuli kichwani kwake."

Sheikh alikohoa, nadhani alikuwa anazuia kicheko. "Basi huyu ni mkeo," akaniambia. "Ulitaka kumzuia, naye hakujua kama amezuiwa. Asiyejua hakukuvunjia kiapo. Talaka haikupita."

Nilikaa palepale mavumbini. Alhamdulillahi, alhamdulillahi, sikuwa na neno jingine. Mama mkwe naye alitoa pumzi ndefu, nikajua kumbe na yeye alikuwa ameibana siku zote zile.

"Usikimbilie kushangilia," akasema sheikh. "Kiapo bado kipo, na sasa mkeo anajua. Mwezi haujaisha. Bakuli lisivuke mpaka mwezi uandame."

Njia ya kurudi nilisogea nikatembea sambamba na mke wangu. Kanga yake bado imekazwa chini ya kidevu. Nikamwambia, "Umesikia, mimi ni mume wako."

"Sheikh amesema," akajibu. "Mimi sijasema."

Siku zilizobaki niliziishi kwa wasiwasi wa kuchekesha. Mke wangu alikusanya kila bakuli la nyumba, dogo kwa kubwa, akalitia kwenye sanduku la nguo, akafunga kwa kufuli. Uji tulikunywa vikombeni. Majirani tuliwapelekea futari kwenye sahani, wakatuona tumepata wazimu. Nilirudi kulala nyumbani, lakini ukumbini, na kila asubuhi kabla ya kwenda dukani nililitikisa lile kufuli. Kwa dada hatukupeleka kitu, naye hakuleta. Nilijua habari zimemfikia.

Jioni ya ishirini na tisa watu walikusanyika ufukoni kutafuta mwezi, nami nikiwamo. Nilipouona, mwembamba, umekaa juu kidogo ya minazi, sikungoja ngoma ipigwe. Nilirudi nyumbani mbio, mtu mzima mimi, kofia mkononi. Nikakuta sanduku liko wazi na tambi zimeshapakuliwa, zinatoa moshi.

"Peleka wewe," akasema mke wangu. "Kwa mkono wako."

Mlangoni kwa dada nilisimama. Mwezi nimeuona kwa macho yangu mawili, na bado mguu ulikataa kuvuka kile kizingiti.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ingia, mwezi umekwisha, unaogopa nini?"

Nikavuka. Ndani, mumewe alikuwa amevaa ile kanzu, anaijaribu kwa ajili ya asubuhi. Taa ilikuwa mbele yake. Nikatazama shingo, nikatazama tena. Ule uzi mwekundu upande wa kushoto ulipanda unene wa kidole kizima, unashuka, unapanda. Sikuwa nimeushona mimi, iliushona ile njaa ya saa tisa alasiri. Lakini mkono ulikuwa wangu.

"Imepinda, dada," nikasema.

"Mwezi mzima nasubiri useme hivyo." Akaenda ndani akaja na bakuli letu la maua, limejaa visheti. "Nililiosha siku ileile. Niliposikia, niliogopa hata kuligusa."

Nilimwomba shemeji aivue kanzu, nikarudi nayo nyumbani begani, bakuli mkononi. Mke wangu alikuwa amekaa mkekani, kajifunika vilevile. Akaitazama kanzu, akanitazama mimi.

"Imepinda?"

"Imepinda. Tangu siku ya kwanza."

Akaifungua kanga kidevuni, akaishusha kichwani, akaiweka pembeni. Nikaziona nywele za mke wangu kwa mara ya kwanza tangu siku ya tano ya mfungo. Akaivuta taa karibu.

"Haya, kaa ufumue," akasema. "Nipe sindano nikutungie uzi."