Kaka Niliyemtuma Kibati

Siku moja, mwanangu, bado naikumbuka na vumbi lake. Lori la viazi kutoka Kibumba lilipita mtaani kwetu Mabanga, ardhi ikatetemeka kidogo tu, nami nikambeba binti yangu Zaina mgongoni nikaanza kukimbilia mpakani. Hata viatu sikuvaa. Shangazi, dada wa baba yangu, alinifuata mpaka akanishika kitenge.

"Mutoto wangu, uko nakimbia wapi?"

Miaka ya waasi ilitufundisha kukimbia kwanza na kuuliza baadaye, kisha mlima ukatoa moto. Asubuhi ile ya moto nilikuwa nimemtuma kaka yangu Saidi aende Kibati, chini ya mlima, akaniletee gunia la makala, haya makaa ya kupikia. Hakurudi. Hatukuuona mwili, hatukuchimba kaburi. Alikuwa akiniita Kadogo, hata nilipokuwa nimeshazaa, na sijasikia tena mtu akilitamka jina hilo na kicheko ndani yake.

Baada ya hapo usingizi ulinihama. Sokoni sikwenda. Nikaanza kunywa kasikisi, pombe ya ndizi, kwa siri, mimi binti wa nyumba ya Waislamu. Zaina akawa anakula kwa jirani. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa nimeanza kuumbuka.

Shangazi alinipeleka kwa Mama Esperance, mama wa Rutshuru aliyekuwa akisikiliza watu katika chumba kidogo nyuma ya dispanseri. Nilidhani atanipa vidonge. Yeye akaniuliza habari za Saidi. Kwa majuma mengi nilisimulia na kulia, nikatoka mwepesi, lakini jioni kikombe kilikuwa palepale. Nikamwambia Shangazi kwamba maneno hayaponyi mtu.

Akanikemea huku akichambua sombe, majani ya muhogo. "Ukipika sombe unatia chumvi tu? Mawese na vitunguu unamwachia nani? Rudi kwa ule mama, umuambie yote."

Nikarudi, nikayatoa yaliyobaki: pombe, na lile wazo lililoniamsha kila alfajiri, kwamba mimi ndiye niliyemuua kaka yangu.

Mama Esperance alisogeza kiti chake karibu. "Ulimutuma makala," akasema, "ao ulimutuma kifo?"

Kulijibu swali hilo kulinichukua muda mrefu, mwanangu. Asubuhi nyingine nalijibu upya mpaka leo.

Tangu hapo akachanganya dawa zake. Hadithi ya Saidi tuliendelea nayo, ila sasa kila wazo lililonihukumu tulilipima kama lina ukweli. Saa ya kiu akanituma kwa kina mama wengine waliofiwa, tutwange sombe pamoja na kuongea. Na kwa ile hofu, tulisimama kando ya barabara malori yakipita, mpaka moyo ushuke wenyewe. Kuna juma nililoanguka nikanywa tena. Hakunifukuza, aliuliza tu nini kilitangulia kikombe.

Mwishowe tukaenda Kibati. Juu ya mawe meusi yaliyomwagwa na mlima nilimwita kaka yangu kwa sauti, nikamweleza kwamba Zaina ameanza shule. Kisha nikakaa. Lori likapita, mawe yakatetemeka chini yangu, nami sikuinuka.

Zaina leo ni mama wa watoto. Pombe niliiacha. Hamu ya Saidi haijaniacha, wala siiombi iondoke. Mwanamume akicheka njiani kama yeye bado nageuka kutazama.

Basi sikia, mwanangu. Hofu, huzuni na kikombe hufuatana kama ndugu, usimtibu mmoja ukawaficha wengine. Tafuta mtu anayejua kusikiliza, umweleze yote, hata lile la aibu. Lia, lakini pia pima mawazo yako, badili saa zako mbaya, kaa na wenzako, na kile unachokiogopa kiendee polepole ukishikwa mkono. Njia moja ikikuchosha, usiseme hakuna dawa, ongeza nyingine.

Mungu akupe sikio la kukusikiliza na ulimi usioona haya. Akulaze salama katika mji wetu huu, na wale unaowatamani awatunze huko waliko.