Niliuza option ya American style nikidhani uhuru wa kuamua ni wangu

Wakuu, wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Texas, sijaongeza chumvi.

Mimi ni kijana wa Kitanzania, niliishia form four. Naishi Haltom City na nafanya kazi Plano, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kazi naipenda jamani. Kuna bibi mmoja hanywi chai mpaka nimchane nywele kwanza.

Ndoto yangu ni kuwa nesi. Nafasi ya chuo nilishapata, ikabaki kulipa ada ya kwanza ndani ya wiki mbili.

Ada ilikuwepo. Ila niliiacha kwenye akaunti ileile ninayofanyia trading. Tamaa tu, niseme ukweli.

Sasa kwa wasiojua: option ni mkataba. Anayeinunua anapata haki ya kununua au kuuza kitu kwa bei iliyowekwa. Ikiwa American style, anaitumia haki yake siku yoyote kabla mkataba haujaisha. Ikiwa European style, ni siku ya mwisho tu. Haihusiani na unaishi bara gani. (Msinicheke, niliuliza.)

Nikawa na mbili za kuchagua, zote zinafuata soko lilelile. Moja ni ya index yenyewe, yaani kipimo cha bei za hisa za makampuni mengi, European. Nyingine ni ya mfuko unaoiga hiyo index, American. Nikajiambia, nijifunge kwa nini? Nachukua yenye uhuru. Nikauza call moja, yaani ile option ya haki ya kununua, nikanunua nyingine ya bei ya juu kidogo kama kinga.

Mmeona nilipokosea? Mimi nilikuwa MUUZAJI.

Soko likapanda. Jumatano nikaingia kazini, na kwetu simu zinakaa kwenye kabati mpaka mapumziko. Mchana nafungua app, nakuta minus hisa mia moja, yaani nadaiwa. Hisa ambazo sijawahi kuwa nazo! Na ujumbe wa broker, dalali wangu wa soko: ongeza pesa leo, la sivyo tutafunga biashara yako wenyewe.

 Niliona chuo kinaondoka hivi hivi.

Nikampigia dada Kerubo, Mkenya anayekaa Sharpstown kule Houston. Yeye anaendesha gari la kupeleka wagonjwa kusafishwa damu. Wao wakiwa kwenye mashine, yeye yuko parking anasoma mambo ya soko. Ndiye aliyenifundisha.

"Kwani uliuza ya gani?"

"Ya American, dada. Nilitaka uhuru."

Akacheka mpaka nikachukia. "Haiya! Uhuru si ulimuuzia mwenzako? Sasa ameutumia, unashangaa nini? Gawio la huo mfuko linahesabiwa leo. Jana alichukua hisa ndiyo liwe lake, na wa kulilipa ni wewe."

"Dada, ada yangu imo humo."

Kicheko kikakatika. "Sikiza ndugu yangu. Ile call ulinunua bado unayo? Basi hasara ina mwisho. Pigia broker sasa hivi. Waambie wanunue hizo hisa mia wazirudishe, na hiyo call waiuze pamoja. Usiongeze maneno mengine. Ukimaliza nipigie."

Nikafanya hivyo nikiwa chooni.

Ada ilipona, wakuu. Kilichoondoka ni akiba niliyoijenga juu yake kwa miezi mingi. Niliumia, lakini nilipompigia dada tena tulijikuta tunacheka wote.

Nilichojifunza: kabla hujachagua, jiulize wewe ni mnunuzi au muuzaji. Uhuru wa American ni wa mnunuzi. Ukiuza European, hakuna wa kukushtukiza katikati, na kwa hizi za index mwisho wake mnalipana tofauti kwa cash, hakuna hisa za kuhamisha. Na hufungwi, ukitaka kutoka mapema unainunua tena sokoni. Hasara bado ipo, tusidanganyane.

Na pesa yenye kazi yake isikae humo kabisa.

Pesa niliyotoa kwa broker ilipofika benki nililipa chuo hapo hapo, hata viatu sijavua. Masomo yanaanza mwezi ujao! Kwa sasa nafanya mazoezi kwenye demo, akaunti ya pesa za kuigiza, European tupu.

Wakuu mnaouza option, nyie mnachagua ipi na kwa nini? Mwageni uzoefu, hata kunicheka ruksa.